Maswali na Majibu: Paketi Chache Zinapoiangusha Seva

Barua za mwezi huu zimetoka Kisumu, Nakuru, Kakamega na Bungoma, na zote zinagusa jambo ambalo mafundi wetu wengi hulipita haraka: udhaifu uliomo ndani ya programu za mtandao za mfumo endeshi wenyewe, ule unaomwezesha mtu kuisimamisha kompyuta bila kuingia ndani yake. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu majibu ya nyingine yanaiegemea.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni karani wa sacco hapa Kondele, Kisumu, na ndiye niliyeachiwa kuangalia kompyuta kwa sababu niliwahi kuzisomea kidogo. Seva yetu inatumia mfumo endeshi wa Linux na imekaa kwenye chumba cha nyuma tangu mwaka 2017. Mwezi uliopita ilisimama mara tatu. Kila mara skrini ilikuwa imejaa maandishi meupe kwenye rangi nyeusi, kibodi haikuitikia, na ikanibidi niizime kwa kitufe na kuiwasha tena huku wanachama wakiwa wamepiga foleni hadi barazani. Fundi wetu alisema tumeshambuliwa kutoka nje, akatushauri tuongeze kasi ya laini ya intaneti. Tumeongeza, sasa tunalipa karibu mara mbili, na juzi seva imesimama tena. Je, mtu aliye mbali anaweza kweli kuizima kompyuta bila kuwa na neno la siri? Na kasi ya laini inasaidia nini?

JIBU: Marahaba, dada yangu, na pole kwa zile foleni. Inawezekana kabisa, na neno la siri halihitajiki, kwa kuwa sehemu ya mfumo endeshi inayopokea paketi za mtandao, yaani vifurushi vidogo vya data, hufanya kazi yake kabla mtu yeyote hajaulizwa jina lake. Lakini fundi wenu amechanganya mambo mawili yasiyofanana, na mchanganyiko huo ndio mnaoulipia kila mwezi.

Wewe ni mkaazi wa Kisumu, kwa hiyo umeona jinsi magugu maji yanavyojazana kwenye Ghuba ya Winam hadi mashua zinashindwa kutoka. Hakuna gugu hata moja linalotoboa mashua. Ni wingi wao unaofunga njia. Hivyo ndivyo lilivyo shambulio la mafuriko, kama lile lililoupata mtandao wa huduma za serikali wa eCitizen mwezi Julai 2023, ambapo Waziri wa Habari wa wakati huo, Eliud Owalo, alieleza kwamba mfumo ulitumiwa maombi mengi kupita kawaida ili uelemewe. Katika shambulio la namna hiyo laini pana husaidia kiasi fulani. Aina ya pili ni mtumbwi wenye tundu. Ziwa limetulia, hakuna gugu wala wimbi, na mtumbwi unazama kwa sababu aliyeuunda aliacha pengo kati ya mbao mbili. Ukiipanua bandari, tundu linabaki palepale.

Tundu lililojulikana mapema kabisa na watu wengi ni lile la mwaka 1996. Kanuni za IP, yaani za kusafirisha paketi mtandaoni, zilizoandikwa mwaka 1981, zinasema paketi haiwezi kuzidi baiti 65,535, na ikiwa kubwa mno kwa njia inayopitia, hukatwa vipande, kila kipande kikiwa kimeandikwa mahali kinapoanzia ndani ya paketi nzima. Waandishi wa mifumo endeshi waliandaa nafasi ya ukubwa huo na kuanza kuvipanga vipande kadiri vinavyofika. Wengi wao hawakujiuliza kama kipande cha mwisho, kikianzia karibu na ukingo, kinaweza kuwa kirefu kuliko nafasi iliyobaki. Mtumaji akitengeneza kipande cha namna hiyo kwa makusudi, mzigo unamwagika nje ya chombo na kufuta kumbukumbu za shughuli nyingine, na mashine inaanguka. Windows 95 ilianguka, mifumo kadhaa ya Unix ilianguka, na hata printa zilizounganishwa kwenye mtandao hazikusalimika.

Lililo karibu zaidi na seva yako ni la tarehe 17 Juni 2019. Siku hiyo ulitangazwa udhaifu uliogunduliwa na Jonathan Looney wa kampuni ya Netflix, ukapewa jina la SACK Panic, na ulikuwamo katika kaneli za Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi huo, kuanzia toleo 2.6.29 la mwaka 2009. Kwa miaka kumi mamilioni ya seva zilikuwa nao na hakuna aliyesema neno. Nitaueleza kwa utaratibu, maana ukiuelewa huu umeelewa kwa nini kasi ya laini haina la kufanya hapa.

Seva yako inapompelekea mtu faili kubwa, huigawa vipande, na mpokeaji hurudisha habari ya vipande vilivyofika ili vilivyopotea peke yake ndivyo virudiwe. Kaneli, kwa kupunguza kazi, huvikusanya vile vilivyokwisha kupokelewa ndani ya chombo kimoja na kuandika hesabu ya vipande vilivyomo. Chombo hicho kina vyumba 17, na katika kompyuta za kawaida kila chumba hubeba hadi kilobaiti 32, yaani jumla ya baiti 557,056. Kipande cha kawaida hubeba kama baiti 1,460, kwa hiyo chombo kikijaa kina mamia machache tu ya vipande. Sasa, mpokeaji ana haki ya kutangaza mwanzoni kwamba anaweza kupokea vipande vidogo tu, na Linux ilikuwa ikikubali kushuka hadi ukubwa wa baiti 48, ambapo 40 zinaweza kuliwa na maelezo ya safari na kubaki baiti 8 tu za mzigo wenyewe. Gawanya 557,056 kwa 8: utapata 69,632. Sanduku la hesabu lilikuwa la biti 16, na mwisho wake ni 65,535. Hesabu inapita mwisho na kurudi chini, kama mita ya maili ya gari kuukuu inavyorudi kwenye sufuri. Kaneli inajikagua, inaona vipande vilivyohesabiwa ni vichache kuliko inavyojua kuwa imebeba, na kwa kuwa haiwezi tena kuiamini kumbukumbu yake, inajisimamisha yenyewe. Maandishi meupe kwenye skrini ndiyo maneno yake ya mwisho.

Angalia kwamba katika maelezo yote hayo hakuna mafuriko popote. Mgeni mmoja, mlango mmoja ulio wazi, paketi chache zilizopangwa kwa hila. Ukiwa na laini mara kumi ya hiyo, zitafika vilevile.

Dawa ni kusasisha kaneli, kisha kuiwasha seva upya. Nasisitiza hilo la pili kwa uchungu. Mwaka uliopita niliitwa kwenye ofisi moja mjini Nakuru ambako fundi alikuwa akisakinisha masasisho kila mwezi kwa uaminifu, na alikuwa na daftari lenye tarehe zote kwa mwandiko mzuri. Nilipoandika amri ya `uptime`, seva ilijibu kwamba haijazimwa kwa siku 812. Kaneli mpya zote zilikuwa zimelala kwenye diski. Iliyokuwa ikifanya kazi ni ileile ya zaidi ya miaka miwili nyuma, pamoja na matundu yake. Hakuna aliyemwambia kijana yule kwamba kaneli haibadiliki mpaka mashine iwashwe upya, na wakubwa wake walikuwa wamemkataza kuizima kwa kuwa waliona siku nyingi bila kuzimwa ni sifa. Basi wewe andika `uname -r` uone toleo linalofanya kazi sasa hivi, si lililosakinishwa, kisha ulilinganishe na toleo la karibuni la mfumo wenu. Seva ya mwaka 2017 ambayo haijaguswa bado ina udhaifu huo wa 2019, na mwingine mwingi uliofuata. Ikiwa kamati haitakuruhusu kuizima hadi mwisho wa juma, unaweza kuiambia kaneli isitumie kabisa zile taarifa za vipande vilivyofika, kwa kuiweka `net.ipv4.tcp_sack` kuwa 0. Mawasiliano yatakuwa mazito kidogo laini inapopoteza paketi, lakini tundu hilo litakuwa limezibwa kwa muda.

Hata hivyo, usikubali kuambiwa kwamba mmeshambuliwa kabla ya kuona ushahidi. Kwa barua peke yake hakuna fundi mwaminifu atakayetoa hukumu. Seva husimama pia kwa sababu ya kumbukumbu iliyoharibika, stima inayopanda na kushuka, au joto la mchana wa Kisumu katika chumba kisicho na dirisha. Safari ijayo, kabla ya kugusa kitufe, yapige maandishi yale picha kwa simu yako. Mistari ikitaja majina yanayoanza kwa tcp, ip au skb, shuku programu za mtandao. Ikitaja hitilafu ya kifaa au ya kumbukumbu, fungua kasha ukatazame vumbi na feni. Picha hiyo moja ina thamani kuliko mkataba wa laini mliousaini, na ukinitumia nitaisoma pamoja nawe.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninauza intaneti isiyo na waya kwa nyumba kama arobaini katika mtaa wa Section 58, Nakuru. Nina seva ndogo ambayo wateja hufungua ili kununua vocha. Usiku wa Jumamosi iliyopita ukurasa huo ulikataa kufunguka kwa saa mbili. Seva haikuanguka, laini haikujaa, na kichakataji hakikuwa na kazi kubwa. Nilipotazama orodha ya miunganisho nikaona mamia ya mistari yenye SYN_RECV kutoka anwani za kila pembe ya dunia. Je, hilo nalo ni tundu? Pia nashuku kwamba mshindani wangu ana seva kama yangu. Naweza kuijaribu nione kama inaanguka?

JIBU: Ndugu yangu, ulichokiona si kosa la mwandishi wa programu. Kimo ndani ya desturi yenyewe ya TCP, yaani utaratibu wa kompyuta mbili kuanza na kuendesha mazungumzo, na desturi hiyo inafanana sana na yetu ya kubisha hodi. Mgeni anasema hodi, mwenyeji anaitikia karibu, mgeni anaingia, na mazungumzo yanaanza. Kwa kompyuta, mwenyeji anaposema karibu anakuwa tayari amemtolea mgeni kiti, yaani ametenga nafasi ndogo ya kumbukumbu na kuandika jina la anayetarajiwa. Sasa fikiria mtu anayepita nje na kupiga hodi mia kwa sauti za watu mia, kisha haingii hata mmoja. Viti vyote, ambavyo ndiyo ile mistari yako ya SYN_RECV, vinakaa sebuleni vikiwangoja watu wasiokuwapo, na jirani wa kweli akija hana pa kuketi. Linux kwa kawaida hurudia neno lake la "karibu" mara 5 kabla ya kukata tamaa, na kwa jumla kiti hukaa kitupu kama sekunde 63. Ndiyo maana laini yako haikujaa. Hodi ni paketi ndogo mno, na mamia machache kwa dakika yanatosha pale ambapo viti ni vichache.

Anwani ulizoziona ni za kubuni, kwa hiyo usipoteze usiku wako ukizifungia moja moja. Mwezi Septemba 1996 kampuni ya intaneti ya Panix, ya New York, ililemazwa kwa siku kadhaa kwa njia hii hii, na mwaka huohuo Daniel J. Bernstein akapendekeza tiba ambayo naiona kuwa miongoni mwa mawazo mazuri zaidi katika kazi yetu. Mwenyeji asitoe kiti. Anapoitikia karibu, ampe mgeni namba iliyokokotolewa kutokana na anwani zote mbili, milango, saa na siri anayoijua mwenyeji peke yake, kisha asahau kabisa kwamba mtu alibisha. Mgeni wa kweli atairudisha namba hiyo anapoingia, mwenyeji ataikokotoa upya kuihakiki, na hapo ndipo kiti kitatolewa. Mwenye anwani ya kubuni hapati namba, kwa sababu jibu linakwenda kwa mtu mwingine.

Linux ya leo huja ikiwa na kinga hiyo, nayo huamka viti vinapojaa. Tazama kama `net.ipv4.tcp_syncookies` ni 1. Nina sababu ya kukuambia utazame: yapo maelekezo ya kuongeza kasi yanayopitishwa baina ya wauzaji wa intaneti vijana, na baadhi yake huiweka kuwa 0. Ukishairudisha, ongeza pia idadi ya viti katika `net.ipv4.tcp_max_syn_backlog` na katika programu ya ukurasa wako, kwa kuwa kila upande una kikomo chake na kilicho kidogo ndicho kinachotawala. Gharama yake ni ndogo: baadhi ya mambo ambayo pande mbili hukubaliana wakati wa hodi yanaweza kupotea, na mteja wa mbali akaona upakuaji mzito kidogo wakati kinga iko macho.

Kuhusu seva ya mshindani wako, jibu ni hapana, tena naomba ulisome mara mbili. Sheria yetu ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandao inahesabu kuingilia mfumo wa mtu bila idhini kuwa kosa lenye faini isiyozidi shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili. Wateja wake nao ni majirani zako: mama anayetuma ada ya shule, mtoto anayesubiri matokeo. Nunua kompyuta kuukuu mbili, uziunganishe kwa swichi isiyogusa laini ya nje, na ujifunze hapo mpaka utosheke. Ukiandamwa tena, hifadhi orodha ile ya miunganisho pamoja na saa, na upeleke taarifa kwa KE-CIRT, kituo cha taifa cha kushughulikia mashambulio ya mtandao kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya upili karibu na Kakamega. Maabara yetu ina kompyuta 24. Nusu zinatumia Windows 10 na zilizobaki Windows 7. Mwenzangu amesoma kwamba IPv6 ina hatari na anataka tuizime kwenye zote. Je, afanye hivyo?

JIBU: Mwalimu, mwenzako huenda amesoma kuhusu udhaifu ambao Microsoft iliutolea kiraka tarehe 13 Agosti 2024. Ulikuwa katika sehemu ya Windows inayosoma paketi za IPv6, yaani toleo jipya la kanuni za IP, na kiini chake ni hesabu ya kutoa: namba kubwa ikitolewa kwenye ndogo mahali ambapo kompyuta haijui hasi, jibu linageuka kuwa namba kubwa ajabu. Ulipewa alama ya ukali ya 9.8 kati ya 10, kwa sababu haukuwa wa kuangusha mashine tu; kwa hila zaidi uliweza kumruhusu mgeni kuendesha programu zake. Ni kweli kwamba mashine iliyozimwa IPv6 haikuguswa na udhaifu huo.

Lakini kuzima IPv6 kunafunga mlango mmoja, na nusu ya maabara yako haina kuta. Windows 7 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ningeanza na zile za Windows 7: zitoeni kwenye intaneti kabisa na mzitumie kwa kuandika na kujifunzia jedwali, au mweke Linux nyepesi ambayo bado inatunzwa. Za Windows 10, hakikisheni kwanza kwamba zina viraka vyote vilivyotoka hadi mwisho wa muda wake, kisha mpange kuhama. Mwenzako akitaka kuizima IPv6 kwenye hizo wakati mnangoja, azime, mradi aandike mahali kwamba ameizima. Microsoft yenyewe haishauri iachwe hivyo daima, na atakayekuja baadaye kutafuta hitilafu asipojua atahangaika bure.

SWALI: Bwana Mhariri, ruta ya duka langu la pembejeo mjini Bungoma ina miaka tisa na haijanisumbua. Mtengenezaji ameacha kutoa programu mpya. Nimefunga milango yote ya nje kama ulivyowahi kushauri. Kuna haja ya kuibadilisha?

JIBU: Ulifanya vyema kufunga milango, na dhidi ya udhaifu kama ule niliomweleza dada wa Kondele inatosha, kwa maana mshambulizi anahitaji mlango wa kuzungumza nao. Shida ni vipande. Ndani ya visanduku vingi vya namna hiyo mna Linux, na ruta inayogawa anwani moja ya nje kwa simu na kompyuta zako zote hulazimika kuviunganisha vipande vya paketi kabla ya kujua ni vya nani, mlango uwe wazi au umefungwa. Mwezi Agosti 2018 ulitangazwa udhaifu uitwao FragmentSmack, ambapo mtu hutuma vipande visivyokamilika kwa mpangilio maalumu, na kaneli inatumia nguvu zake zote kuvitafutia wenzao ambao hawatafika. Uliwezekana kwa sababu kuanzia kaneli 3.9 nafasi ya kuvihifadhi vipande iliongezwa kutoka kilobaiti 256 hadi megabaiti 4, na rundo likawa kubwa mno kupekuliwa. Ruta haianguki, inakuwa nzito hadi unadhani laini imekatika, na watuma vipande wakiacha, inapona yenyewe kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ingia kwenye ukurasa wa ruta yako usome tarehe ya programu iliyomo. Ikiwa ni ya kabla ya Agosti 2018, weka akiba ya kununua nyingine kabla ya msimu wa mbolea, na dukani usiulize kwanza idadi ya antena. Uliza mtengenezaji anaahidi masasisho hadi mwaka gani, na akuonyeshe ahadi hiyo imeandikwa wapi.